Vioo vya Chumvi

Gliserini huuzwa kila duka la dawa. Watu hujipaka midomoni wala hawaifikirii. Lakini jaribu kutafuta namba za jinsi inavyoupinda na kuumeza mwanga wa joto, ule usioonekana kwa macho, utakiona cha mtema kuni. Mtafiti alishakiona. Jedwali moja liliishia pale pale alipoanza kulihitaji. La pili lilinakili la kwanza, makosa na yote. La tatu halikuwa jedwali bali mchoro uliofifia, mistari imesongamana kama nywele kwenye kitana. Na bila namba zile kifaa cha kupimia dawa walichokuwa wakiunda maabarani kwake kingekwama, na Profesa aliyemsimamia alishasema waziwazi kwamba kikikwama, mkataba wa mtafiti nao basi.

Akaamua kupima mwenyewe. Alibembeleza maabara ya jirani mpaka wakampa zamu moja kwenye mashine yao, kesho yake asubuhi, kabla haijafungwa kwa matengenezo. Wakamwazima na vioo viwili vya kushikia kimiminika, vilivyochongwa kwa chumvi ya mawe kwa sababu kioo cha kawaida huuzuia mwanga ule. Vioo hivyo huogopa maji kuliko paka. Maabara yake ilikuwa na unyevu, kwa hiyo akavipeleka nyumbani, akavifukia kwenye kopo la mchele mkavu na kujiona mjanja.

Jioni alimkuta mama yake, aliyekuja kumsaidia kazi za nyumbani, ameketi jikoni kimya. Haikuwa kawaida; mama yule huongea hata usingizini. Akaeleza bila kuinua macho kwamba alipochota mchele alikuta vioo vya miwani vimejaa vumbi, akaona avioshe kwa maji ya moto na sabuni, maana mwanawe mwenyewe yu hoi kwa kazi.

"Vimeniyeyukia mkononi, mwanangu. Vilikuwa vya nini?"

Mtafiti alisimama na mkoba begani. Hasira ikampanda, ikakosa nguvu ya kutoka. Akaiangalia mikono ya mama yake ikikunja na kukunjua pindo la kanga, na huruma ikamshinda.

"Ilikuwa chumvi tu, mama."

Mama akashusha pumzi. "Afadhali. Nilishadhani nimekuharibia kitu cha maana."

Akampakulia wali. Ulikuwa umepooza, mama akakiri kwamba kwa ule wasiwasi alisahau kuutia chumvi. Mtafiti akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Mama, akidhani ni uchovu, akamsogezea kikopo cha chumvi.