Plagi za Gari la Stima

Mtu akinidanganya, masikio yangu hupata moto. Ndugu yangu Mutie alinidanganya miaka minne na masikio hayakuniambia kitu, ndiyo maana nusu ya hasira hii ni yake na nusu ni yangu mwenyewe.

Nianze na mguu. Mama yetu, tunayemwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao, ana ugonjwa wa sukari na kidonda chini ya wayo wa kushoto. Kila Alhamisi lazima kifunguliwe na kuoshwa kwenye kliniki iliyo upande wa Ngong Road. Yeye anaishi Kongo, kule Kawangware. Mimi niko Silanga, Kibera, nalima sukuma karibu na bwawa na kuiuza. Kutoka mlangoni kwake hadi stejini ni dakika kumi kwa mwenye miguu mizima. Sisi hutumia saa nzima, ameniegemea, na tukifika bandeji imeshalowa. Pikipiki haiwezekani, mguu ukining'inia analia kama mtoto. Mwezi wa tatu daktari alituambia bila kuzunguka: akiendelea kuukanyagia hivi, utakatwa.

Na katika familia hiyo hiyo kuna dereva wa teksi.

Mutie alikuwa na gari kuukuu jeupe. Jumatano jioni lilikuwa zima, Alhamisi asubuhi lilikuwa mgonjwa. Klachi. Rejeta. Gasiketi. Foleni ya mafuta. Kila mara alikuwa "kwa Shivachi", fundi mmoja wa kando ya Soko la Toi, na Shivachi alikuwa anachelewesha. Nilimchukia yule Shivachi hadi nikawa napita karakanani pake bila kumsalimu.

Mwaitu naye akalipeleka gari kanisani. Kila Jumapili, akina mama wa ushirika wakiulizwa nani ana ombi, yeye aliinuka na fimbo yake na kusema gari la mtoto wake halina afya. Nimewasikia kwa masikio yangu, wanawake kumi na wawili wamefumba macho, wanamkemea Shetani atoke kwenye giaboksi. Mguu wake mwenyewe hakuuombea hata siku moja mbele ya watu. Nilidhani ni mapenzi tu ya kumdekeza kitinda mimba. Mimi ndimi niliyetangulia kuzaliwa, lakini Kongo nzima inamwita Mama Mutie.

Baada ya Pasaka, Mutie aliachana na lile kuukuu akachukua gari la stima kwenye kampuni moja inayowakodishia madereva. Alilileta hadi Kongo, taratibu, bila mlio, watoto wakilikimbilia nyuma. Akashuka na miwani.

"Mathe, stress zimeisha," alisema, majirani wote wakisikia. "Hii haijui petroli, haijui oil, haijui fundi. Nachomeka kama simu, asubuhi nakata nayo. Thursday ni yako, mpaka Yesu arudi."

Mwaitu alilia. Jumapili hiyo hakutoa ombi, alitoa ushuhuda. Alhamisi tatu Mutie alikuja, na Alhamisi tatu Mwaitu hakukanyaga chini ila kutoka kitini hadi garini. Nesi akasema nyama mpya inaota. Nyama mpya! Niliuza sukuma siku ile huku naimba.

Alhamisi ya nne Mutie hakushika simu. Ya tano akanipigia nikiwa tayari kwa Mwaitu.

"Sista, plagi zimekufa. Niko kwa Shivachi."

Nikamwambia Mwaitu plagi zimekufa. Akatikisa kichwa, akachukua fimbo, tukatembea. Kule kliniki nesi alifungua bandeji akaniangalia mimi, si yeye. Ile nyama mpya ilikuwa imechanika.

Alhamisi ya sita, sijatoka hata Silanga, ujumbe ukaingia: plagi tena. Toi iko njiani. Nikashuka hapo na kwenda moja kwa moja kwa yule fundi.

"Sasa, dada," alisema Shivachi.

"Usinisalimu! Wewe ni fundi ama ni mganga? Plagi wiki mbili?"

"Plagi za nani?"

"Za Mutie. Za ile gari yake ya stima."

Aliweka spana chini. Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Dada, hiyo gari haina plagi. Plagi ni ya kuchoma petroli, sasa hiyo itachoma nini? Plagi yenye iko nayo ni ile ya kuchomeka kwa ukuta."

"Na ile gari ya zamani? Klachi? Gasiketi?"

Hapo akaacha kucheka. "Ile niliiona mara ya mwisho Krismasi, nikabadilisha brake pads. Ilikuwa na afya kuliko mimi."

Basi nikamwomba msamaha kwa miaka yote ya kumnunia, na nilimwomba kwa sauti ya ugomvi, maana nyingine sikuwa nayo. Akanionyesha kwa kidole. "Kama unamtaka, ako hapo kwa car wash tangu saa moja."

Mutie alikuwa ameegemea gari, kikombe cha chai mkononi, akiwaeleza vijana wanne jinsi maisha yake yalivyokuwa mepesi siku hizi. Nikafungua mlango, nikakaa.

"Endesha. Kongo."

"Sista, si nilikushow plagi..."

"Plagi gani, Mutie? Ya ukutani?"

Wale vijana wakaangalia pembeni. Akaingia, tukaondoka.

Lile gari kuukuu lilikuwa na kelele, mtu angeweza kujificha ndani ya kelele hizo. Hili ukinyamaza unasikika. Tulipokaribia Kawangware akashindwa kuvumilia.

"Kathini, skiza. Ni harufu. Ile wiki ya tatu nilibeba client baada ya mathe, akafungua dirisha safari mzima, akanipea nyota moja kwa app. Nyota zikishuka kampuni inachukua gari."

"Na ile ya zamani?"

"Hata hiyo ilikuwa inanuka."

Nilipiga dashibodi kwa ngumi, na mkono uliniuma siku mbili. "Ulinyonya huyo mama miaka miwili! Ulimtapikia, ukamkojolea mgongoni kutoka Kitui mpaka Nairobi! Alikupea nyota ngapi?"

Akakata kona kuingia Kongo.

Mwaitu alikuwa kibarazani kwenye kigoda, kitambaa cha kanisani kichwani, mguu ndani ya mfuko wa plastiki. Mapajani alikuwa na kipande cha nailoni kilichokunjwa vizuri. Mutie akafungua mlango wa nyuma. Mwaitu akasimama, na kabla ya kukaa akaitandaza ile nailoni kwenye kiti, akiilainisha kwa kiganja.

"Ya nini hiyo, Mwaitu?" nikauliza.

"Ya harufu," alisema. "Plagi zimepona?"

Hakuna aliyemwambia habari za harufu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisikia robo saa iliyopita. Damu ikanipanda, nikafoka, majirani wakatoka milangoni.

"Hakuna plagi, Mwaitu! Hazijawahi kuwa! Klachi ni uongo, gasiketi ni uongo, miaka minne mizima ni uongo! Umepiga magoti na huo mguu, umeomba bure!"

"Sikuomba bure," alisema. Alikuwa bado ameshika mlango, hajaingia. "Unafikiri sikujua? Wale wengine ndio waliomba gari ipone. Mimi nikifunga macho nilikuwa namwambia Mungu aiharibu. Aiharibu kweli, hata tairi tu, hata taa, ndiyo mtoto wangu asikuwe mwongo."

Mutie alitaka kumshika mkono amsaidie kuingia. Mwaitu akauondoa mkono wake, si kwa nguvu, akamtazama, kisha akalitazama lile gari jipya linalong'aa.

"Na hii yenye haiharibiki, Mutie," akamuuliza, "niiombee nini?"