Jukwaa la Mzee Chaki

Wanafunzi walimwita Mwalimu Buruta, kwa sababu neno hilo halikumwisha mdomoni. Buruta mzigo, buruta nguzo, buruta uone. Alikuwa ametengeneza programu ya kufundishia usanifu wa majengo: boriti inachorwa kwenye skrini, mwanafunzi anaburuta kitufe kuongeza uzito, na boriti inapinda mbele ya macho yake huku ikitoka kijani kwenda nyekundu. Nyekundu maana yake imezidiwa. Hata wale wa viti vya nyuma, ambao shughuli yao kubwa ilikuwa kupiga miayo, walianza kugombana kwa ajili ya nguzo.

Mkuu wa idara, Mzee Chaki, hakutaka hata kuisikia. Kwa miaka thelathini alikuwa amefundisha kwa ubao, na suruali zake zote zilikuwa na alama za vidole vyeupe mahali anapojikuna. "Hiyo ni katuni," alisema. "Daraja halijengwi kwa katuni." Mkataba wa Buruta ulikuwa unaisha wiki hiyo, na mzee alishapendekeza usiongezwe. Mkuu wa chuo, mama mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, akaamua Buruta apewe nusu saa ukumbini. Programu ikifanya kazi, atabaki. Ikiboronga, afungashe virago.

Siku ikafika. Wakubwa wanne walipanda jukwaani wakaketi nyuma ya meza, ingawa ukuta wa kutazama picha ulikuwa upande wa pili na iliwabidi kupinda shingo. Mkubwa hakai chini na watu. Buruta alisimama karibu na projekta. Ili kuwapendezesha, hakuchora daraja la mbali. Alichora jukwaa lilelile walilokalia. Jana yake alitambaa chini yake na futi mkononi, akapima kila ubao.

"Mama, buruta mwenyewe," alisema, akampa kipanya. "Weka uzito wenu."

"Na vyeo vyetu navyo niviweke?" Mkuu wa chuo akacheka, akaburuta.

Boriti ukutani ikapinda. Ikazidi kupinda, mpaka tumbo lake likagusa sakafu, nyekundu tupu. Kicheko kikakatika. Mama akashuka jukwaani kwa mwendo ambao cheo chake hakikuuruhusu, na wawili wakamfuata mbio, msajili akiacha kiatu kimoja njiani.

Hapo ndipo Buruta alipokumbuka. Ili wa nyuma darasani waone, programu ilikuwa ikikuza mpindo mara ishirini, na hakuwa ameirudisha. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Samahanini. Picha imekuzwa. Kosa langu." Akairekebisha. Mstari ukanyooka, ukabaki na mpindo mdogo tu, bado mwekundu, na namba ikasimama pembeni: milimita thelathini na nane. Wanafunzi waliojazana mlangoni walicheka hadi wakashikana mabega.

Mzee Chaki peke yake hakuwa ameinuka. Alikunja nne kwa raha zake, kisha akashuka taratibu, akaenda kwenye ubao uliokuwa pembeni ya ukumbi.

"Jukwaa hili nililisanifu mimi," alisema, chaki ikilia. "Linapinda milimita moja. Moja! Katuni imekosea mara thelathini na nane. Mama, nadhani tumemaliza." Akarudi juu, akakaa.

Buruta aliitazama ile hesabu. Ilikuwa safi, hakuna pa kuishika, na hilo ndilo lililomuuma. Kisha macho yakatua kwenye mchoro.

"Mzee wangu, umeweka nguzo katikati."

"Ipo. Niliisimamisha mwenyewe."

"Jana nilikuwa huko chini. Niliona viti vimepangwa. Nguzo sikuona."

"Binti, utanifundisha jukwaa langu?"

Hata hivyo aliutupia jicho wekundu wa ukutani, akashuka tena, safari hii kwa miguu ya kunyata. Akapiga magoti, akaingia kwenye kimlango cha ubavuni na tochi ya simu, zikabaki nje nyayo za viatu tu.

"Nani kaitoa nguzo yangu?" ilisikika kutoka chini.

Mtunza stoo akajibu kutoka mlangoni bila wasiwasi wowote. "Viti vilikuwa haviingii, mzee. Tuliikata."

Mzee Chaki alitoka na utando wa buibui kichwani. Alifuta nguzo ya kati ubaoni, akapiga hesabu upya, akapata thelathini na nane. Alikuwa na aibu, na hakuificha.

"Aongezewe mkataba," alisema.

Mkuu wa chuo akatafuta mkataba mpya mkobani, kisha akauonyesha kwa kidole: ulikuwa mezani, katikati ya jukwaa. Hakuna aliyesogea. Mzee Chaki akamgeukia Buruta, akamuuliza kama mwanafunzi, "Hapo kati linabeba mtu wa kilo ngapi bila kuzidiwa?"

Buruta akarudisha kitufe nyuma mpaka wekundu ukaisha. Kilo sabini. Watu wote wakamtazama yeye. Alikuwa na kilo hamsini na nane.

Akapanda. Mbao zililia kwa kila hatua. Alijua namba yake ni sahihi, na bado alikanyaga kwa ncha za vidole. Alipofika mezani alichukua kalamu, na badala ya kushuka na karatasi, akatia sahihi palepale katikati, polepole, jina lote.