Isale Lenye Mistari

Nilitolewa kwenye kundi Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, na nilistahili. Hilo nimelikataa mbele ya mama yangu na mbele ya Jovin, binamu yangu, lakini hapa nakiri.

Kundi lenyewe ni la WhatsApp, linaitwa Wana Kirua Popote Walipo. Lina watu mia nne na kitu: wenye vihamba vyao, mashamba ya ukoo, kule Kirua Vunjo, wafanyabiashara wa Moshi mjini, wakili mmoja wa Dar, manesi walioko ughaibuni, na masista wawili ambao hawaandiki kitu ila wanasoma kila kitu. Mkuu wa kundi ni Mzee Primus, mwalimu mkuu mstaafu, na analiendesha kama alivyoendesha shule. Kanuni zake ni tatu. Salamu kabla ya hoja. Misiba na wagonjwa hutangulia mengine yote. Matangazo ya biashara ni marufuku.

Sasa mimi nakaanga kahawa. Nimepanga chumba chenye uwani pale Njoro. Mama ananiletea buni kutoka kihambani kwetu, mimi nakaanga, nasaga, napaki. Instagram nina wafuasi kibao, wananipigia makofi kila siku na hakuna anayenunua hata kijiko. Niliyemtaka alikuwa mtu mmoja tu, Wenseslaus, mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Alikuwa anatafuta mtu wa kumletea kahawa ya kambi zake zote, na alisema wazi ndani ya kundi: "Mimi sinunui kwa mtu nisiyemjua, na ninaowajua ni nyie wa humu. Jumapili naamua." Nikiipata kazi hiyo, mama anaachana na yule mlanguzi mwenye pikipiki anayekuja kuzidharau buni zake huku anazipima. Nikiikosa, nafunga uwani wangu na buni zote zinarudi kwa huyo huyo.

Kwa miezi minne nilijenga jina kwa adabu. Kila ndama aliyezaliwa Kirua nilimsifu. Nesi mmoja wa Norwei nilimtafutia dada wa kumtunzia mama yake. Nilimwamkia Mzee Primus kila asubuhi mpaka nadhani alinichoka. Halafu Jumatatu akaingia jamaa wa Bomang'ombe, mkwe wa sijui nani, akaweka picha ya kikombe cha kahawa na maneno mawili: "Asubuhi njema." Kikombe tu! Wenseslaus akampa dole gumba.

Kesho yake nikachukua video yangu ya kikombe kinachocheza ngoma, yenye maandishi "Furaha imebisha hodi! Kahawa ya Salvina!", nikaituma bila kusoma yaliyokuwa juu yake. Juu yake palikuwa na tangazo la Mzee Primus. Dada yake mkubwa amefariki. Chini ya tangazo zilifuata pole thelathini na nane, halafu kikombe changu kikikata viuno.

Jovin alinipigia hapo hapo. "Sister, huku kimenuka. Umetolewa. Kuna mtu ameuliza kama umerogwa."

Kwetu ukimkosea mtu mpaka maneno yakakuishia, unampelekea isale. Ni jani refu la ule mmea tunaoupanda mipakani. Unalipiga fundo, linapelekwa, na aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe. Watu wameachiana mashamba kwa jani hilo. Mimi nilikuwa Njoro, nina haraka, na mbele ya gesti ng'ambo ya barabara kuna chungu chenye majani marefu ya namna hiyo. Nikakata moja, nikalifunga fundo, nikaliweka kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha, maana kupiga picha za bidhaa ninajua, nikamtumia Mzee Primus picha.

Akaifungua. Nikaamini nimesamehewa, nikaenda kukaanga.

Saa nane Jovin akapiga tena, sauti inamkauka kwa kucheka. Mzee Primus alikuwa ameitupa picha yangu kundini na kuuliza: "Ndugu zangu, salaam. Je, jani la kwenye simu linamfunga mtu?" Wakili wa Dar aliandika aya nne na hakufikia jibu. Nesi wa Norwei alinitetea, Mungu ambariki. Alisema yeye alimsamehe shemeji yake kwa video na hadi leo wanaelewana. Mzee mwenyewe akatoa hukumu: picha haifungi. Lakini kundi lilikuwa limegawanyika, na lingeweza kumgeuza, kama asingejitokeza Sista Gladness, ambaye tangu kundi lianzishwe hakuwahi kuandika hata amina.

"Ikuzeni picha," aliandika.

Wakaikuza. Jani langu lilikuwa na mistari ya njano kwenye kingo zote mbili. Isale la kihambani ni kijani kitupu.

"Hilo ni ua la gesti," akamalizia sista. Sitauliza amejuaje.

Alhamisi nikapanda Kirua na mfuko wa kahawa niliyoisaga, bila lebo. Mama alikuwa ameshasikia. Kirua nzima ilikuwa imeshasikia.

"Umempelekea mtu mzima ua la gesti?" aliniuliza. "Aliyefiwa? Kwenye sahani?"

Akaenda mpakani, akachagua jani, akalifunga fundo. Nikanyoosha mkono nilichukue, akanipiga kofi dogo kiganjani. "Mkosaji habebi mwenyewe. Hata hilo nalo nimesahau kukufundisha?"

Kwa Mzee Primus turubai lilikuwa limefungwa na watu wamejaa. Mama akatangulia, mimi nyuma yake nimeinamisha kichwa. "Shikamoo, Mwalimu," nilisema. Mama akamkabidhi jani. Mzee akaligeuza, akalikagua ukingo mmoja, akakagua na wa pili. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala.

"Limepokelewa," alisema.

Nililia pale pale, na si kwa ajili ya Wenseslaus. Niliona aibu. Miezi minne nimemwamkia mzee huyu kila asubuhi, na sikujua hata kama ana dada.

Nikaenda jikoni nyuma ya nyumba, nikabandika sufuria na kuwachemshia watu kahawa. Akina mama walinicheka, kwa sababu msibani kwetu ni chai. Mzee Primus alipopewa kikombe alikitazama muda mrefu.

"Dada yangu amelima kahawa miaka sitini," alisema. "Hakuwahi kuinywa. Sisi sote vilevile. Tulikuwa tunaipeleka chama cha ushirika, tunarudi nyumbani kunywa chai." Akanywa, akakunja uso. "Chungu." Akatia sukari vijiko vinne, akamaliza, akaomba cha pili. "Dada angeipenda," alisema.

Dada yake alizikwa Ijumaa. Jumamosi mchana nilirudishwa kundini. Niliandika pole, basi, nikaweka simu chini. Nusu saa haijaisha ikaanza kutetemeka. Mzee Primus ameweka picha yake mwenyewe, kikombe mkononi: "Salaam. Hii ni kahawa ya Salvina wa Njoro. Inanyweka. Anayetaka amtafute."

Kisha Jovin, ambaye hana adabu: "Shikamoo Mwalimu. Kanuni ya tatu."

Wakamshukia Mzee kama wanafunzi waliosubiri miaka arobaini. Wakili akaleta aya zake nne. Mzee ni mtu wa haki. Akatuma picha ya isale, lile lile la mama yangu, likiwa na fundo lake.

"Picha haifungi," akaandika Sista Gladness. "Ulisema mwenyewe."

Basi ikabidi lipelekwe. Lipelekwe kwa nani, na waliokosewa ni mia nne? Wakabishana saa nzima, wakaamua lipokelewe na mwanachama wa mwisho kuingia, kwa niaba ya wote. Wa mwisho kuingia nilikuwa mimi. Na mkosaji habebi mwenyewe.

"Nitalibeba mimi," akaandika Wenseslaus. "Kesho baada ya misa."

Jumapili alibisha hodi Njoro, mtu mrefu mwenye suti ya kanisani, amelishika jani kwa mikono miwili. Nilikuwa nakaanga, moshi umetanda uwani, nywele zangu hazitazamiki. Nikalipokea. Nikalikagua kingo zote mbili, kijani kitupu.

"Limepokelewa," nilisema.

Hakuondoka. Alichota buni chache kutoka kwenye karai, akazinusa, akatazama uwani wangu, magunia yenye jina la mama na sahani yangu nyeupe dirishani. Hapo akacheka. "Sasa nakujua," alisema. "Kambi ninazo saba. Unaanza lini?"

Alipotoka nilimpigia mama. "Mama, tumepata! Mwambie yule wa pikipiki asije tena."

"Nilishamwambia," alisema mama. "Tangu Alhamisi, tulipotoka kwa Mwalimu."