Turubai la Kijani

Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, nasawazisha rangi za kioo cha laptop. Naweka picha ya mfano, ile yenye mstari wa kijivu, kando ya kioo, kisha naongeza au kupunguza nyekundu, kijani na bluu mpaka vifanane. Kifaa cha kupimia hatuna. Tuna macho yangu, ambayo bosi wangu Clement huyaita mtambo wa studio.

Asubuhi ile nilikuwa sijamaliza kunywa chai yangu walipoingia mzee mmoja mwenye shati jeupe na binti yake, Devotha.

"Kamwene," alisema mzee. Nikaiitikia salamu yake vivyo hivyo.

Devotha ndiye aliyeeleza. Mama yake, Damari, alifariki hapa Iringa, na mwili ulikuwa kwenye gari pale nje. Wanakwenda kuzika Rujewa. Hawakuwa na picha ya kuweka juu ya jeneza, ila moja iliyokuwa kwenye simu.

Niliifungua. Uso ulionekana wa kijani, nikaongeza nyekundu, nikachapa. Mezani ilipendeza. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo juani.

"Siyo yeye," alisema.

Nikatoka kutazama. Uso ulikuwa umewiva kwa wekundu.

"Kama mtu aliyeamkia pombe ya ulanzi," Devotha alisema. "Na mama alivyokuwa Mlutheri, hata kuunusa hakutaka." Akacheka, na kicheko kikageuka kilio.

Nilichapa nyingine, na nyingine tena. Kila nilipopunguza nyekundu, uso kwenye kioo ulikuwa wa maiti, na mkono wangu ukakataa. Dereva akapiga honi. Nilitaka kuwaambia waende studio nyingine, nikajikuta naweka karatasi nyingine. Niliomba kimoyomoyo, kwa aibu, kana kwamba Mungu naye anajua mambo ya wino.

Mzee akaingia tena ndani, na shati lake likawa la kijani. Akatoka, likawa jeupe.

Nikainua macho. Jana yake Clement alikuwa amebadilisha turubai la kivuli la mbele, lililo juu ya meza yangu. La zamani lilikuwa jeupe, hili la kijani. Asubuhi nzima picha yangu ya mfano ilikuwa imelala kwenye mwanga wa kijani, nami nikakilazimisha kioo kifanane nayo, kikaufanya kila uso uonekane wa kijani.

Nilibeba laptop na picha ya mfano hadi nyuma ya duka, kwenye kivuli cha ukuta ambako hakuna turubai. Nikaanza upya. Kijivu kikarudi kuwa kijivu. Nikafungua picha ya simu, sikuongeza kitu. Nikachapa.

Devotha alipoiona juani aliziba mdomo kwa mtandio. Ilikuwa ile rangi ya udongo uliolowa, hata kile kivuli chini ya jicho la kushoto kilikuwepo.

Mzee aliitazama muda mrefu.

"Siyo yeye," alisema.

Nikamuuliza taratibu ni wapi nilipokosea, nirekebishe. Dereva akapiga honi tena.

"Baba," Devotha alisema.

Mzee aliigeuza picha, akaibana kifuani.

"Ni yeye," alisema. "Ndiye huyu. Lakini nikisema ndiyo, wanangu, gari litaondoka."