Landrova Ilipolala Kalinzi

Fundi Saad wa Kasingirima, Ujiji, hakuwahi kukosea. Msiniulize mimi, muulizeni mwenyewe. Injini ikizima mikononi mwake, kosa lilikuwa la petroli. Boti ikirudishwa siku ya pili, kosa lilikuwa la nahodha. Miaka thelathini na zaidi alitengeneza injini za boti za mizigo zinazokwenda Kagunga na kurudi, na mgongo ulipokataa kuinama ndani ya boti akahamia kwenye magari. Muda wote huo hakuna aliyemsikia akisema "hapa nimekosea." Mkewe, Zuhra, alikwisha kata tamaa. "Huyu," alikuwa akiwaambia majirani, "kivuli chake kikipinda atasema jua limewekwa vibaya."

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kufufua landrova, na aliamua kwa sababu ya bintiye.

Shadia alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Kalinzi, huko juu kwenye milima ya kahawa, na kila siku alipanda na kushuka kwa bodaboda. Msimu wa mvua uliopita pikipiki iliteleza kwenye tope la mteremkoni, ikamtupa, akavunjika mfupa wa mtulinga. Alilala kando ya barabara nusu saa nzima kabla ya kuokotwa. Saad alipofika hospitali na kumwona mkono umefungwa kifuani, alikaa ukingoni mwa kitanda mbele ya wauguzi. Huyo ndiye mtoto pekee aliyebaki kwake. "Wallahi, Shadia," alisema, "hicho kitu hukipandi tena maadamu niko hai."

Landrova yenyewe ilikuwa ile ndefu ya 109, ya miaka ya sitini, imelala nyuma ya ghala la kahawa, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Wenyewe walimwambia aichukue tu, awaondolee uchafu. Watu wa mtaani walicheka ilipovutwa kupita sokoni, magurudumu mawili yana upepo na mawili hayana. Saad hakujali. Hakutaka gari la harusi wala la kupigia picha. Alitaka gari la kazini, la kuwaka saa kumi na moja alfajiri, kupanda mlima na kurudi, kesho yake vilevile. Na landrova ya zamani ni gari la maana kwa kazi hiyo: haina kompyuta ya kusingizia, kila kitu unakiona kwa macho, na spana nne zinatosha kuifumua yote.

Alikaa nayo miezi mitano. Alisafisha kabureta mpaka ikang'aa, akabadilisha platini, akashona viti kwa turubai la boti, akaunga chesisi mahali ilipoliwa na kutu. Shadia, aliyekuwa sasa akiomba lifti za malori ya kahawa, alikuja jioni baada ya kazi, mkono ukiwa bado unauma, akashika tochi. Baba alimfundisha kuendesha kwenye gari hilohilo, barabara ya Ujiji, siku za Jumapili. Hizo ndizo siku walizozungumza kuliko miaka yote iliyotangulia, na Saad alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Kilichomsumbua ni breki. Mipira ya zamani ilikuwa imeoza, mipya ya gari lile haikupatikana Kigoma, ikambidi aikate mwenyewe kutoka kwenye mpira asilia. Akaifunga, akatia mafuta ya breki ya dukani, na baada ya wiki ikavimba na kulegea. Akakata mingine, nayo ikavimba. Hapo akamkumbuka marehemu Mwinshehe, mzee aliyemfundisha ufundi, aliyekuwa akisema kwamba magari ya kale yalitumia breki za mafuta ya mbarika, mafuta ya mmea, yasiyodhuru mpira. Saad akafikiri. Mafuta ya mmea. Na Kigoma nzima inanuka mafuta ya mmea!

Alichukua mawese jikoni kwa mkewe, akayaacha yatulie, akaengua yale membamba ya juu, akayachuja kwa kitambaa mara tatu, akayatia kwenye breki. Mipira haikuvimba. Pedali ikawa laini, gari likasimama pale pale alipotaka. Aliijaribu mchana, na jua la Ujiji mnalijua. Alifurahi kama aliyegundua dawa, lakini hakumwambia mtu, kwa sababu siri ya fundi ni ya fundi. Shadia alipouliza, alimjibu kwa mkato: "Ni mafuta maalumu. Nimeyatafuta sana."

Wiki mbili landrova ilipanda Kalinzi asubuhi na kushuka jioni bila lawama. Wiki ya tatu, mwezi wa saba, Shadia akapangiwa zamu ya usiku, na kwa mara ya kwanza gari likalala mlimani.

Saa moja asubuhi simu ililia.

"Baba," Shadia alikuwa akilia, "nimemgonga Mzee Gervasi."

Gervasi ndiye mlinzi wa zahanati. Alikuwa anamfungulia lango, na lango liko chini ya kijiteremko. Shadia alikanyaga breki, gari halikusimama. Akakanyaga tena kwa nguvu zote. Alipoikumbuka handbreki, gurudumu lilikuwa limekwisha pita juu ya mguu wa mzee.

"Sijui nilikanyaga nini, Baba. Labda nilikanyaga klachi. Nilikuwa na usingizi."

Saad alipanda bodaboda, chombo kilekile alichomkataza bintiye, akafika Kalinzi saa nne. Jua lilikuwa limekwisha toka, bati la landrova limepata moto. Watu walikuwa wamelizunguka gari kama wanavyozunguka ajali yoyote. Katikati yao alisimama Erasto, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, kijana mpole anayeogopa wakubwa wake.

"Fundi, shikamoo. Tusaidie kujua. Gari lina tatizo?"

Saad aliwasha injini, akaiacha iungurume mpaka ipate moto, kama anavyofanya siku zote. Akalipeleka uwanjani, akakanyaga. Gari likasimama. Akarudia mara nne, kwa mwendo mdogo na mkubwa. Kila mara lilisimama. Moyo wake ulitulia, na naona aibu kulisema hili, lakini alijisikia fahari.

"Gari zima," alitangaza, kila mtu akasikia. "Breki hizi hazina ila."

Macho yote yakamgeukia Shadia, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi na sare yake yenye damu ya mguu wa mzee. Mwendesha bodaboda mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba si kila mtu ameumbiwa usukani. Shadia aliinamisha kichwa. Saad aliona, akajiambia kuwa mtoto atajifunza.

Saa sita akaenda kumpa pole mgonjwa. Nyumba ya mlinzi iko nyuma ya zahanati, chini ya migomba, haipati jua. Gervasi alilala kwenye mkeka, mguu umefungwa vibao viwili, akisubiri gari lililoahidiwa kutoka mjini limpeleke akapigwe picha ya mifupa. Landrova ilikuwa hapo hapo nje, lakini nani angethubutu kupanda?

"Yewe, fundi," alisema mzee, akijaribu kuinuka. "Usimkaripie binti. Usiku kucha alikuwa anazalisha. Mimi ndiye niliyechelewa kuruka. Miguu ya uzee hii."

Saad alikaa kwenye kigoda. Mke wa Gervasi, Rozalia, alikuwa jikoni palepale mlangoni akiunga maharage. Alichukua chupa ya mawese, akaipindua juu ya sufuria, hakikutoka kitu. Akaitikisa, akaigonga chini, hapana. Akaisimamisha kando ya moto, akaendelea kukata kitunguu.

"Yameisha?" Saad aliuliza, ilimradi aseme jambo.

"Yameisha wapi? Yameganda. Mwezi huu huku kwetu yanakuwa jiwe, mpaka uyaweke motoni."

Saad alisogeza kigoda karibu na mlango. "Hata yale membamba? Ya juu, yaliyochujwa?"

Rozalia alicheka, cheko la kwanza katika nyumba ile tangu asubuhi. "Hata hayo, Baba Shadia. Usiku wa huku ni baridi. Ninyi wanaume wa Ujiji jikoni mnaingia kufuata sahani tu."

Saad aliitazama chupa ile mpaka mawese yakaanza kulegea, kwanza pembeni, kisha katikati, yakawa membamba na mekundu kama yalivyo siku zote. Rozalia akamimina, yakatoka vizuri kabisa. Ungeyaona wakati huo, usingeamini kwamba yaligoma.

Saad alijua yote. Aliijua pedali ilivyokuwa saa moja asubuhi chini ya mguu wa mtoto wake, ngumu kama ukuta, na aliijua kwa nini saa nne ilikuwa laini. Alitoka nje akasimama karibu na gari. Angeweza kuyamwaga mafuta yale leo hii, asafishe mabomba, atie ya dukani, na dunia isingejua. Kusema kungemwondolea nini Gervasi? Mguu umekwisha vunjika. Na akisema, nani atamletea tena gari lenye breki? Watoto wa Kasingirima wangemwimba mpaka aingie kaburini: Fundi Mawese. Aliogopa hilo. Lakini zaidi aliogopa uso wa Shadia, na huo hakuweza kuufikiria hadi mwisho. Akanyamaza. Alikula maharage aliyoletewa, akaswali adhuhuri, akanyamaza.

Saa tisa Erasto aliwaita ofisini. Alikuwa ameandika maelezo ya kupeleka wilayani, akayasoma kwa sauti ndogo: muuguzi Shadia, akitoka zamu, aliendesha gari lake kwa uzembe, akamjeruhi mlinzi, gari limekaguliwa na fundi na kuonekana zima.

"Sina la kufanya, dada," Erasto alisema. "Fundi mwenyewe ndiye aliyelikagua."

Shadia hakubisha. Alichukua kalamu, akatia saini. Saad alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua mbili kutoka kwake, akaitazama kalamu ikitembea mpaka mwisho wa jina, na jina la mwisho lilikuwa lake yeye.

Kisha Shadia akamgeukia. "Nisamehe, Baba. Miezi mitano uliitengeneza, mimi nimekuja kuiharibia jina."

Hapo ndipo Saad alipovunjika. Angevumilia kulaumiwa, maana kulaumiwa alikuzoea na majibu yake alikuwa nayo. Kuombwa radhi hakukuwa na jibu.

"Niliweka mawese," alisema.

Erasto hakuelewa. "Mawese gani, mzee?"

"Haya tunayokula. Kwenye breki. Kwetu chini hayagandi, huku yaliganda. Mtoto alikanyaga breki sawasawa. Breki ndiyo haikuwapo."

Erasto alitoka mbio, wakamsikia akifungua boneti. Alirudi amenyoosha kidole chekundu, ananusa, haamini pua yake. Akaichukua karatasi mezani, akaichana vipande vinne, akasema ataandika upya. Mlangoni mtu alianza kucheka, akafuatwa na mwingine. Saad aliwaacha wacheke.

Shadia hakucheka. Alimtazama baba yake, macho makavu.

"Saa nne, uliposema gari ni zima, ulikuwa unajua?"

"Hapana. Naapa, mwanangu, sikujua."

"Ulijua lini?"

Saad alikuwa na nafasi ya kusema "sasa hivi." Neno lilikuwa mdomoni, tayari, na kwa maisha yake yote maneno ya namna hiyo yalikuwa yanatoka yenyewe.

"Saa sita," alisema. "Kwa Gervasi."

Shadia alitazama saa ya ukutani, akahesabu. Hakuwa na haja ya kuhesabu, ni muuguzi, saa ndiyo kazi yake.

"Masaa matatu," alisema. "Nimesaini unaniona."

Alitoa ufunguo wa landrova mfukoni, akauweka kwenye benchi, si mkononi mwa baba yake. Akaenda kubadilisha bandeji ya Mzee Gervasi, kwa sababu gari la mjini lilikuwa bado halijafika.

Saad alibaki Kalinzi siku tatu. Alifumua breki zote, akasafisha kila bomba, akafunga mipira aliyoagiza Tabora, ya kiwandani, akatia mafuta ya dukani. Kila alfajiri, baridi ikiwa kali, alikaa kwenye usukani akakanyaga pedali. Ilishika. Siku ya nne akalishusha gari mpaka langoni, akalisimamisha pale pale lilipomkuta Gervasi, akafungua mlango wa abiria, akasubiri. Shadia alikuwa anatoka zamu.

Alitoka akiwa amebeba mkoba wake. Bodaboda ilikuwa inamngoja. Alipanda, akaushika mkoba kwa ule mkono mzima, na pikipiki ilipofika usawa wa landrova akamwambia dereva apunguze mwendo.

"Shikamoo, Baba," alisema kwa adabu zote, kama anavyomwamkia mzee yeyote wa njiani.

"Marahaba," Saad aliitikia, na pikipiki ikashika mteremko.