Mawe ya Njia ya Chumvi

Mzigo ulimwelemea Roda ghafla, na yeye hakuwa mtu wa kuelemewa. Tangu asubuhi alikuwa amejitwisha mfuko huo wa wageni, na uzito wake aliujua kama alivyoujua uzito wa ndoo ya maji ya nyumbani kwake. Akautua, akafungua zipu. Ndani, katikati ya soksi na makopo, mlikuwa na mawe sita.

Wageni nao walikuwa sita. Walikuwa wametoka kupumzika kwenye rundo la mawe pale mteremkoni, kando ya njia ya zamani ya kufuata chumvi Ivuna. Kila mpita njia huongeza jiwe pale. Hakuna anayeondoa.

"Nani kawaambia wachukue?"

Ferdinand, kiongozi wa msafara na mtoto wa kaka yake, alicheka kidogo. "Mimi, shangazi. Nimewaambia yanaleta bahati. Si mawe tu?"

Roda alichomoa jiwe moja mfukoni. Huyu kazaliwa Tunduma, njia hii kaisoma kwenye karatasi, leo anaigawa kama karanga.

Wageni walisogea, wakauliza kuna nini. Ferdinand akafungua kinywa awatungie uongo mwingine.

"Nyamaza," Roda alisema, akimtia jiwe la kwanza mkononi. "Leo utatafsiri ninayosema mimi. Waambie chini ya rundo lile amelala mwanamke aliyefia njiani na mzigo wa chumvi kichwani. Ukimaliza, waambie ni bibi yako."