Majani ya Mwezi wa Mvua

Hivi wewe, rafiki uliyecheza naye tangu mna meno ya utoto akikuletea pesa nyumbani, akakufumbatisha mkononi na mlango umefungwa, utamuuliza amezitoa wapi?

Mimi sikumuuliza Mehbuba.

Mvua ya mwaka ule ilianza mapema. Nyumba yangu ni ya zamani, iko ndani ya ukuta wa mji, ukishaingia Lango la Erer unapanda kidogo. Paa lake ni boriti na udongo kama walivyojenga wazee wetu wote wa Harar. Boriti mbili za ukumbini zilikuwa zimeoza. Kwanza likaanza kudondoka vumbi, kisha yakaja matone, kisha asubuhi moja nikakuta dari limeshuka tumbo kama ng'ombe mwenye mimba. Nikaviteremsha ukutani vikapu vyote, vya marehemu mama yangu na nilivyoshona mwenyewe, nikavifunga ndani ya shuka nikavihamishia chumba cha nyuma. Fundi alitazama juu, akavuta mdomo, akasema birr elfu kumi na mbili, na nisilale tena humo mpaka amalize.

Mwanangu wa Dire Dawa alikuwa ameachishwa kazi ghalani. Kumpigia ningemwongezea mzigo tu. Basi nilipokwenda kwa Mehbuba kunywa kuti, ile chai yetu ya majani ya kahawa na maziwa, nikamsimulia kama unavyomsimulia mtu habari za goti linalouma. Sikuomba kitu.

Kesho yake akaja na zile birr elfu kumi na mbili kwenye ncha ya mtandio.

"Shika," akasema.

"Za nini?"

"Za paa. Usinitazame hivyo. Nilizificha tangu Ramadhani, panya wangezila bure."

"Mehbuba, nitazirudisha lini mimi?"

"Nani kakwambia urudishe? Mimi na wewe tuna hesabu?"

Nililia, nikamshika mikono, nikamwombea dua yeye na marehemu wake. Namjua Mehbuba, ni mjane anayeishi kwa kodi ya chumba kimoja cha uani, na nyama anaonja sikukuu kwa sikukuu. Mtu wa namna hiyo akikupa alichoficha, unampa nini? Nikaenda chumba cha nyuma nikafungua shuka. Nikatoa lile kawa kubwa la mama yangu la kufunikia chakula, alilolishona akiwa mwari kwa ajili ya mama mkwe wake, la rangi nyekundu na nyeusi na mstari wa zambarau ambao mpaka leo hakuna anayejua aliipata wapi rangi ile. Bibi alipofariki likarudi kwa mama, mama akanipa mimi. Wafanyabiashara wamelitaka mara nyingi, sikuliuza.

"Hili haliingii kwangu," Mehbuba akasema, na mikono tayari imelishika.

"Linaingia."

Akalifunika kwa mtandio, akaondoka nalo, taratibu, kama aliyebeba mtoto aliyelala.

Sasa nieleze habari ya kundi letu. Mimi na Mehbuba ndio tulioanzisha Mikono ya Jugol, kwa jina la ukuta wa mji wetu. Ni kundi la kwenye simu, la wanawake wanaoshona vikapu na wanaovipenda. Tuko zaidi ya mia tatu. Wengine wako hapa mjini, wengine Toronto, Melbourne, Jidda, mabinti wa Harar waliotawanyika. Tunawekeana picha za kazi, tunasahihishana, tunacheka. Wa ng'ambo hutuma michango ya kununulia majani na rangi, na ya kuwalipa walimu wanaofundisha wasichana kushona. Akaunti ilikuwa kwa jina la Mehbuba. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anasoma hesabu kwa sauti, kwa lugha yetu, maana wengi wetu hatukusoma sana, na sauti haihitaji miwani. Fulani katoa kadhaa, Mungu amzidishie. Fulani katoa kadhaa, Mungu amwekee watoto wake. Kisha matumizi, moja moja. Ana sauti nzuri Mehbuba, watu walikuwa wanaisikiliza wakipika.

Na sheria ya kwamba hakuna mwanachama atakayepewa msaada bila kuomba mbele ya wote, hiyo ilikuwa yangu. Kundi lililotutangulia lilivunjika kwa mambo ya chini chini, dada na dada wakaacha kusalimiana. Nikasema letu liwe peupe. Nikalisema neno hilo mara nyingi mpaka wakanibandika jina, Bi Peupe. Sikulichukia.

Mwezi ukaisha, paa langu limekaa sawa, udongo bado unanuka upya. Siku hesabu iliposomwa tulikuwa nyumba ya kushonea, wanawake kumi hivi, kila mmoja na shazia yake, sindano nene ya kushonea vikapu, majani yamelowekwa kwenye beseni. Bedria, ambaye huwa anakaa karibu na mlango kwa sababu ya moshi wa ubani, akaweka simu yake katikati ili tusikie wote. Mehbuba akasoma kutoka nyumbani kwake. Walimu, kiasi kadhaa. Rangi na nyuzi, kiasi kadhaa. Majani, birr elfu kumi na mbili.

Shazia yangu ikasimama.

Wewe usiyeshona huenda hukuona kitu hapo. Majani ya vikapu hukatwa mvua ikishaisha, yakiwa yamekauka yenyewe shambani na rangi ya dhahabu imeingia. Ukiyakata mwezi wa mvua yanaoza kabla hujayafikisha nyumbani. Hakuna Mharari anayenunua majani mwezi huo, na hakuna Mworomo wa mashambani anayeyaleta sokoni. Mehbuba macho yake yalishashindwa kushona zamani, majani hanunui tena. Alitafuta neno la kuziba pengo akalichukua lililokuwa karibu.

Nikajiambia labda ametanguliza malipo. Ndivyo nilivyojiambia, na kile kiasi kinafanana na changu kama pacha.

Haikupita muda, Nejat wa Toronto akatuma sauti yake. Nejat alishona na sisi kabla ya kuolewa huko, na ulimi wake hata baridi ya kule haikuupunguza makali.

"Asalaam aleikum mama zangu. Da' Mehbuba, nisaidie. Majani mwezi huu? Nani ameyakata, bata? Huko kwenu mvua imekatika na mimi sijaambiwa?"

Tukacheka. Mimi pia nilicheka. Kisha tukangoja. Mehbuba alikuwa anarekodi, tuliona kwenye simu kwamba anarekodi, akaacha, akaanza tena. Hatimaye sauti ikaja.

"Nejat mwanangu, usinichome. Zile pesa sikula. Nilimpa Zeituna, paa lake lilikuwa linaanguka. Yeye mwenyewe aliniomba nimfichie. Mnamjua Zeituna na aibu zake. Nikaona nimsitiri, nikaandika majani. Nisameheni."

Zeituna ni mimi.

Nilisikia maji yakichuruzika kutoka kwenye jani ambalo mtu alikuwa ameliinua kwenye beseni na kusahau kulirudisha. Pesa nilipokea. Paa liko juu, kila mtu amelipita akaliona. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilimwombea dua kwa pesa za watu, na kwamba lile kawa la mama yangu nililitoa kumshukuru mtu ambaye hakunipa kitu.

"Kumbe, Bi Peupe," Bedria akasema.

"Bedria, mimi sikuomba."

"Hukuomba, ziliruka zenyewe kama kunguru zikatua juu ya paa."

Mmoja akaguna. Bedria hakuwa anacheka.

"Mimi mwanangu alipolazwa, nilikufuata wewe nyumbani kwako. Nikakwambia, dada, nisaidie kimya kimya. Ukanijibuje?"

"Nilikwambia uombe kwenye kundi."

"Nikaomba! Mbele ya watu mia tatu nikataja ugonjwa wa mwanangu, wengine siwajui hata sura. Mpaka wa Melbourne ananiuliza ananya nini. Nikajibu! Maana sheria ni ya wote. Kumbe kuna wote, halafu kuna wewe."

Nikakunja kazi yangu. Nikajichoma na shazia chini ya ukucha, na mpaka nafika nje ndipo nikaona damu kwenye kanzu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mehbuba. Njiani nilitafuta nini hasa nakitaka, maana mtu ukienda na hasira tupu unarudi nayo. Sikutaka ugomvi. Pesa nilikwishaamua kuzirudisha kwa kushona, hata kama itanichukua mwaka. Nilitaka kitu kimoja tu, sauti ile ile iliyosema niliomba kufichiwa, iseme sikuomba. Bila hivyo nisingeweza kuketi tena kwenye nyumba ile ya kushonea, na mimi sina kazi nyingine wala watu wengine.

Mehbuba alikuwa ameketi kwenye ngazi nyekundu za ukumbi wake, sinia ya dengu mapajani, anachambua mawe. Kuta zake ni tupu. Vikapu vyake aliviuza kimoja kimoja, miaka ile ya ugonjwa wa mumewe, misumari tu imebaki. Katikati ya misumari hiyo, peke yake, lilining'inia kawa la mama yangu.

Nilisimama ndani na viatu vyangu miguuni, na kwetu mtu huvivua mlangoni.

Akaviangalia. "Umevaa viatu, Zeituna."

"Nimevaa."

"Basi ndio tumefika huko."

"Mehbuba, mimi nilikuomba unifichie lini?"

Akachambua dengu. "Nilibabaika. Nejat unamjua, anakubana kama askari."

"Mwache Nejat. Nakujua wewe."

"Paa si lako? Nimekula mimi hata birr moja? Nimejinunulia hata kitambaa?"

"Hukula. Umenilisha mimi, ukanificha ninachokula."

"Ningekwambia ungekataa."

"Ningeomba! Ningesimama kama Bedria."

"Wewe?" Akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Wewe unayezunguka kichochoro cha nyuma watu wasione umenunua nini sokoni? Ungelala chini ya boriti ile mpaka ikuue, tuje kuomba ruhusa ya kukuzika kwenye kundi."

Hilo lilinigusa, kwa sababu ni kweli. Lakini ukweli wake haukufuta uongo wake.

"Ungeniambia hapa hapa kwamba ni za kundi," nikasema. "Ningekataa, ningekubali, ingekuwa shauri langu. Wewe ulisema ulizificha tangu Ramadhani. Nikakushika mikono. Nikakuombea mpaka waliokufa. Ulikuwa unanitazama usoni, Mehbuba. Ulikuwa unaona."

Sinia ikashuka sakafuni, dengu nyingine zikamwagika. Akainuka kwa shida, goti lake la kulia halikunjiki vizuri, akaenda ukutani akanyoosha mkono kwenye kawa.

"Lichukue. Lichukue urudi nalo, tuishe."

"Sikufuata kawa. Nimefuata sauti yako."

"Sauti gani?"

"Ile uliyowatumia. Watumie nyingine."

Akarudi akaketi. Akachukua simu, akaibonyeza, akasema haraka haraka, "Jamani, kwenye hesabu za leo kulikuwa na kosa dogo..."

"Futa," nikamwambia. "Hukukosea hesabu."

Akafuta. Akaanza tena, "Jamani, kulitokea kutoelewana kati yangu na dada yangu Zeituna..."

"Futa. Tulielewana vizuri sana."

"Unataka nijivue nguo mbele ya watu wazima?"

"Bedria alijivua."

Mpangaji wake alikuwa anatwanga kitu uani, na kila pigo niliona bega la Mehbuba likishtuka. Mwisho akaibonyeza simu, akaishika karibu sana na mdomo kama anayempulizia mtoto dawa ya sikio.

"Ni mimi Mehbuba. Nilichosema asubuhi ni uongo. Zeituna hakuniomba nimfichie. Hakuniomba pesa kabisa. Nilizitoa kwenye akaunti ya kundi nikamwambia ni zangu. Akaamini. Akanipa zawadi kubwa, nikaipokea. Akaunti mpeni mwingine, na hizo elfu kumi na mbili nitazilipa mimi, si yeye."

Kidole kilikuwa bado kimebonyeza.

"Waambie kwa nini," nikasema.

Akatikisa kichwa. Nilidhani ataachia. Machozi yalikuwa yamefika kwenye kidevu, hakuyafuta, maana mkono mmoja una simu na mwingine ulikuwa unakusanya dengu moja moja zilizomwagika.

"Kila mwezi nasoma majina yenu," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kusomea hesabu. "Fulani katoa, Mungu amzidishie. Fulani katoa, Mungu amzidishie. Mimi ndiye ninayesema dua, na kwangu hakuna cha kutajwa. Nilitaka mara moja tu, hata na mtu mmoja, na mimi niambiwe Mungu akuzidishie."